Upande wa Koku

Habari ilinikuta dukani kwangu Buhongwa, nikimpimia mteja misumari. Mke wangu alikuwa ameshika simu, akasoma kwa sauti tangazo la jumuiya yetu kwamba mtaa wa pili kuna msiba, kwa nesi Asimwe, amefiwa na mama yake aliyeletwa kutoka Bukoba kwa matibabu, jina la marehemu ni Kokugonza. Alisoma kama anavyosoma matangazo yote, kisha akasikia misumari inamwagika sakafuni. Mke wangu ana akili kuliko mabunge yote ya Afrika Mashariki yakikutanishwa ukumbi mmoja. Aliokota misumari, akamalizana na mteja, akaniambia, "Nenda. Vaa koti." Nilivaa koti katika joto la kuoka mkate, nikatembea. Njiani ndipo lilipokuja wazo: mwanamke niliyekuwa namfikiria yuko ng'ambo ya ziwa alikuwa amelala wiki zake za mwisho mahali ambapo kelele za msumeno wangu wa kukatia nondo zinafika. Huenda zilimsumbua. Huenda alimuuliza binti yake ni nani huyo asiyetuacha tulale. Ni mimi, Koku. Ilikuwa ni mimi.

Sitaeleza hapa nilizaliwa wapi wala baba alikuwa na ng'ombe wangapi. Hayo wakubwa wameyaandika ya kwao, na yanatosha. Mimi ni mhitimu wa shule ya jioni, natembea kifua mbele kuliko profesa, kwa sababu profesa alisoma ameshiba na mimi nilisoma nikinuka dagaa. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao Mwanza nzima ilikuwa inauza kitu. Maghala ya pamba yalikuwa yamebaki matupu, maduka ya ushirika yamefungwa makufuli yenye kutu, mitumba imetandazwa mpaka kwenye ngazi za makanisa, na viwanda vya minofu ya sangara vimeota ufukweni kama uyoga. Ndege zilishuka tupu zikapaa zimejaa samaki, na nawaapia, tulizisikia zikihema. Mchana nilibeba magunia mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Saa kumi jioni nilinawa miguu nikaenda Igogo, kwenye darasa la watu wazima, kujifunza kompyuta.

Kunawa miguu hakukuwa mambo ya urembo. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha ghala la pamba, chenye dirisha moja lililotazama ziwa na jingine lililotazama choo, na nyuzi za pamba bado zilining'inia kwenye mabati kama ndevu za babu. Mwalimu wetu, Bwire, Mjita mwembamba aliyevaa suruali moja ya kaki mpaka tukaamini amezaliwa nayo, alikuwa anaogopa vumbi kuliko simba. Mlangoni aliweka ndoo, kopo na kipande cha kitenge. Ulivua viatu, ukanawa, ukajifuta, ukaingia pekupeku, na mashine zenyewe zilifunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Zilikuwa mbili tu. Zilitoka Ulaya kwa watu wa kanisa fulani, nzito kama ndama aliyenyonya vizuri, na hazikuwa na picha wala kipanya. Ukiwasha, kioo kinakuwa cheusi, herufi za kijani zinajipanga, kisha pembeni kinabaki kimstari kinachopepesa, kinakungoja. Ni hapo ulipotakiwa kuandika unachotaka. Ukitaka kuona vilivyomo unaandika DIR. Ukitaka kuingia mahali, CD. Kunakili ni COPY, kufuta ni DEL. Ukikosea herufi moja, mashine inakujibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo haiijui, bila pole. Mzee mmoja darasani, fundi seremala, siku ya kwanza aliandika SHIKAMOO, kwa heshima kabisa. Alipojibiwa vile alinyanyuka akaenda kukaa nje kidogo.

Sasa, mashine mbili na wanafunzi tumejaa kama harusini. Mwalimu Bwire hakupenda kuona mtu amekaa bure anamtazama mwenzake, kwa hiyo alibuni utaratibu wake. Kila zamu watu wawili benchi moja, na kibodi inagawanywa katikati kama shamba la urithi. Wa kushoto anamiliki vitufe vya kushoto, kwa mkono wake wa kushoto. Wa kulia anamiliki vya kulia. Ni marufuku kuvuka mpaka. Alisema ni kwa muda tu, mashine nyingine ziko njiani zinakuja. Nadhani bado zinakuja. Na akaongeza sheria ya pili: kile kitufe kikubwa cha kulia, cha Enta, kinachopeleka amri, hakuna kukigusa mpaka mwenzako wa kushoto asome kilichoandikwa kiooni na kutamka "Peleka". Mashine haina huruma, alisema, ukishapeleka umepeleka.

Upande wangu ulikuwa wa kulia. Upande wa kushoto alikaa Koku.

Alikuwa msichana wa Kihaya, Kokugonza kwa jina kamili, mrefu, mwenye mwanya na sauti ya chini iliyokufanya usogee hata kama ulikuwa unasikia. Aliishi Mkolani kwa baba yake mdogo, karani wa posta, aliyemchukua kutoka kijijini baada ya kidato cha nne. Siku ya kwanza alinusa hewa akaniuliza kama nimekuja na samaki au samaki wamekuja na mimi. Nikamwambia tumekuja pamoja, tunafahamiana. Akacheka, na mimi hapo hapo, kwisha habari yangu. Tukaanza kuandika. Fikiria jambo hili: DIR, ya kwanza yake, ya katikati yangu, ya mwisho yake, nimebanwa kama nyama kwenye mkate. DEL, mbili zake, moja yangu, kwa hiyo katika kufuta yeye ndiye aliyekuwa na kauli. CD zote zake. Sikuweza kuingia popote duniani bila Koku. Na ule mti mrefu wa chini, wa kuachanisha maneno, ulikuwa mpakani, kila mtu na kidole gumba chake, na vidole gumba vile vilikutana mara nyingi kuliko maneno yalivyohitaji kuachanishwa. Mwalimu Bwire aliona, akajikohoza, akaangalia dirisha la ziwa.

Siku moja tukagundua jambo ambalo mpaka leo nikiliwaza nasimama. Jina lake, Koku, vitufe vyake vyote viko upande wangu. Jina langu, Ezra, vyote viko upande wake. Yaani mimi peke yangu ningeweza kuandika jina lake mchana kutwa, lakini la kwangu nilihitaji mkono wake. Alilitazama jambo hilo kwa muda, kisha akaandika jina langu polepole, kitufe kimoja kimoja, kama anayekunja nguo. "Peleka," akasema. Nikamwambia si amri, mashine itatutukana. "Itutukane," akasema. Nikapeleka. Ikatutukana. Tulicheka mpaka wale waliongoja zamu wakagonga benchi.

Kufikia masika tulikuwa na kasi ya kutisha. Nikisema umeme wenyewe ulikuwa unatuomba tupunguze, nitakuwa nimepunguza. Hatukuambizana herufi, mkono wake ulipoinuka wangu ulikuwa umeshashuka. Tuliandika barua za kanisa, orodha za kwaya, mialiko ya harusi za watu. Tukimaliza tulikaa kwenye jiwe nyuma ya ghala tukila mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda viliacha baada ya Wazungu kuchukua minofu, yamekaangwa mpaka mifupa ikawa karanga, na mihogo. Yeye alileta ndizi za kupikwa kwenye bakuli lenye kifuniko, na Novemba ilipofika alileta senene wa kukaanga, wale panzi wa kwao, akanihesabia kwa ubahili kama dawa. Ninakumbuka mafuta kwenye vidole vyake vya kushoto. Mkono wa kulia aliukalia, kama alivyozoea darasani.

Jumapili moja nilialikwa Mkolani kwa chakula cha mchana. Baba mdogo wake alikuwa mtu wa haki, sitamsema vibaya. Aliniuliza ninafanya nini, nikasema nasoma. Jioni, akasema. Na mchana? Nikasema nabeba magunia. Akatikisa kichwa taratibu, akanisogezea bakuli la mchuzi kama mtu anayetoa pole. Baadaye nilitoka nyuma kunawa mikono, na ukuta wa jiko ulikuwa wa mabanzi. Mkewe alikuwa wa Musoma, kwa hiyo nyumbani mle waliongea Kiswahili, nami nikasikia kila neno. Mke alisema kijana anachekesha. Mume akasema hata yeye amecheka, ila kaka yake amemwandikia tena kutoka kijijini: yule mwalimu mjane amerudi kuposa, pombe imeshanywewa, wazee wameshakaa. "Nimewaomba wangoje mpaka Krismasi," akasema. "Akipata kazi hapa mjini, nina la kuwajibu. Asipopata, nitamjibu nini kaka yangu? Kwamba binti yake anabonyeza nusu ya mashine na mbeba magunia?" Kisha nikasikia chungu kikiondolewa motoni.

Basi kazi ikawa ndiyo kila kitu. Sikuwa na la kuwapelekea wazee wake, wala mbuzi, lakini kazi moja ya Koku ingetununulia mwaka, na katika mwaka mmoja mimi nilijiona nikiwa waziri. Na kazi ikatokea. Kiwanda kimoja cha minofu, pale pale Igogo, kilitaka karani wa kompyuta. Mwalimu Bwire alileta habari hizo akiwa amevaa suruali mpya, ndipo tulipojua ni jambo kubwa. Akatangaza mbele ya darasa kwamba sisi wawili hakuna wa kutushinda kuanzia Mwanza mpaka Mombasa. Alisema "ninyi wawili", tukasikia "ninyi wawili", na hakuna hata mmoja katika chumba kile, si mwalimu, si fundi seremala, si mimi na ulimi wangu wote huu, aliyewaza kwamba kiwanda kinaajiri mtu mmoja. Aliyeliwaza ni Koku, usiku wake mwenyewe huko Mkolani, na akaja kesho yake uso umemshuka. Nikasema tutaanza mazoezi leo leo, yeye pande zote mbili. Mgao wa umeme ukaingia siku hiyo hiyo. Ghala likawa giza, mashine zikabaki chini ya vitambaa vyao vya kufuma. Nilichora kibodi kwa mkaa kwenye boksi la sabuni, nikamsimamia kwenye lile jiwe nyuma ya ghala. Mkono wa kushoto ulikwenda kama mvua. Wa kulia ulikaa juu ya mkaa kama kuku aliyeingia kanisani, haujui pa kukanyaga. Alinitazama akasema mkono huu hauna habari, Ezra, umekaliwa mwaka mzima.

Siku ya mtihani umeme ulikuwapo, kwa kuwa kiwanda kilikuwa na jenereta lake. Tulikwenda wote, tumenawa miguu kwa mazoea, tukakuta watu wanaingia na viatu vya matope. Meneja alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwita Koku ndani, akafunga mlango, mimi nikabaki kwenye benchi la nje penye harufu ya barafu na damu ya samaki. Kupitia mlango nilisikia vitufe. Nilivijua kama mtu anavyojua miguu ya nyumbani kwake. Nilisikia vyake vikienda, tata-ta, kisha kimya, mahali pangu. Tata, kimya. Nikiwa nje pale nilikuwa napiga vyangu juu ya goti, kila kimya kwa wakati wake, Y na O na P, kama vile vingepenya ubao vikamfikia. Kimya kikawa kirefu. Mwishowe hakuna kilicholia.

Niliingia bila kuitwa. Nilimwambia meneja kwamba kuna kosa dogo tu, huyu ameletwa nusu. Nikavuta ndoo ya plastiki, nikaikalia kuliani kwake, na tukaandika ile barua ya majaribio yote, tukainakili, tukafuta ya zamani, tukafungua tena, na kila mara Koku akisoma kiooni na kusema "Peleka" kwa sauti ile ya chini. Meneja alivua miwani. Aliita wenzake waje waone. Alicheka mpaka machozi, na hakikuwa kicheko kibaya. Naamini ni siku aliyoikumbuka. Nilimwambia mshahara ni mmoja na sisi ni mmoja, tutagawana, hata chakula cha mchana atoe sahani moja. Akajifuta macho. Akatuletea soda baridi kwa mikono yake.

"Vijana wangu," akasema, "kiti ni kimoja."

Kazi alipewa dada mmoja kutoka Dar, mwenye mikono yote. Soda nilikunywa ya kwangu, na ya Koku pia, maana yeye hakuigusa.

Krismasi ikafika, na kwenda Bukoba enzi zile ni kupanda meli. Baba yake mdogo alimsindikiza mpaka gatini kama alivyomwahidi kaka yake, na kwa heshima yake alisimama mbali, kwenye geti, akijifanya anasoma ratiba ukutani. Koku alikuwa na sanduku la bati na lile bakuli lenye kifuniko. Mimi nilikuwa nimeandaa vichekesho njia nzima, vya kutosha kumfikisha salama na kurudi, na sikukumbuka hata kimoja. Watu walipita na mikungu na magodoro, wapagazi wakitutukana kwa kusimama njiani. Alinishika mkono wa kulia, akautazama, akaurudisha kwangu kana kwamba ni kitu alichokuwa ameazima.

"Mwaka mzima nimesema mimi," akasema. "Leo sema wewe, Ezra."

Nilijua neno analolitaka. Lilikuwa limekaa mdomoni. Lakini nilikuwa na umri ule ambao mtu anaamini dunia ina utaratibu kama wa Mwalimu Bwire, kwamba kisichotamkwa hakiendi. Kwamba nikinyamaza vizuri, kamba hazitafunguliwa, injini italia bure, na meli nzima na abiria wake itabaki pale gatini mpaka leo na mikungu ikiivia juu yake. Nikanyamaza. Alingoja kidogo. Kisha akapanda, na meli ikaondoka bila kibali changu.

Msibani kwa Asimwe maturubai yalikuwa yamefungwa, kina mama wamekaa kwenye mikeka, kina baba kwenye viti vya kukodi. Nilitoa pole, nikakaa kwa wanaume, nikasikiliza wakipanga safari ya kumpeleka marehemu Bukoba alfajiri. Mmoja alisema marehemu alikuwa mwalimu mzuri wa shule ya msingi. Mwingine akasema mume alimtangulia siku nyingi. Nilitikisa kichwa kama jirani. Ndipo Asimwe mwenyewe alipotoka ndani, mrefu, na mwanya ule ule, amebeba kompyuta mpakato kuukuu, akauliza kama yupo mtu wa kumsaidia. Walitaka picha kubwa ya mama ya kuweka mbele ya jeneza, picha zote zimo humo, na mwenye steshenari ya kuchapia anafunga jioni ile. Kipanya chake cha kugusa kilikufa zamani na mama hakukitengeneza, kwa kuwa hakuwa anakitumia. Mama alikuwa anafungua lile dirisha jeusi na kuiandikia mashine anachotaka, watoto walikuwa wanamtania. Nikasimama. Koti lilikuwa linanitoa jasho kama mkimbiaji.

"Shikamoo baba," akasema.

"Marahaba mwanangu. Niliwahi kusoma mambo hayo."

Tulikaa chumbani, chumba cha mgonjwa bado, dawa mezani, khanga juu ya kitanda. Dirisha lilitazama upande wa dukani kwangu. Akaiwasha, akafungua lile dirisha jeusi, kimstari kikaanza kupepesa. Nikavuta kiti changu kuliani. Yeye naye alikuwa anavuta chake kuliani. Tukagongana.

"Samahani baba. Mimi huwa nakaa huku. Mama alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto tu, tangu tunamjua. Tulidhani wa kulia ulimuumia. Akiwa na haraka ananiita nikae hapa nimbonyezee za huku."

Ninaandika hesabu zangu zote za duka kwa mkono wa kulia, wa kushoto umelala pajani kama mgeni, na wanangu nao wana nadharia zao. Nilimpisha. Nikazunguka meza, nikakaa upande wa Koku, mara ya kwanza maishani. Kutokea pale chumba kilikuwa tofauti. Mwanga ulitoka kwingine. Nikainua mkono wa kushoto, mgumu kama kijiti cha kukorogea, nikabonyeza C. Akabonyeza O, P, Y, haraka, kwa mkono uliofundishwa. Tukaenda hivyo, mimi nikitafuta kila kitufe kama mtu aliyeangusha ufunguo gizani, yeye akinisubiri bila kuonyesha, mpaka mstari ukakamilika: picha zote, kutoka humu, ziende kwenye flashi.

Kidole chake kikasimama juu ya Enta. Hakikushuka. Nikadhani amezidiwa na kilio, nikamgusa bega, nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna," akasema. "Ila mama huwa anasema kwanza."

Nje walianza wimbo wa jioni. Nilisoma kilichoandikwa kiooni, herufi kwa herufi, kama tulivyofundishwa, na hakikuwa na kosa. Nikasogea karibu na mashine.

"Peleka," nikasema.